Jina Kwanza, Mashairi Baadaye

Vijana wa kanisa letu mmeniomba niandike kuhusu kazi yangu katika kile kijarida chenu ambacho wazazi hukisoma ili wajue mtoto wa nani ameingia shule ya uuguzi. Nimeyasoma matoleo yaliyotangulia. Wa kwanza kuandika alikuwa muuguzi, wa pili muuguzi, na wa tatu mtu wa kompyuta katika hospitali ya wauguzi haohao. Sasa zamu imenifikia mimi, niliyefundisha tanzia za Kifaransa za karne ya kumi na saba katika chuo kimoja kidogo hapa Saint Paul kwa miaka ishirini na tisa. Chekeni sasa mmalize.

Tanzia, kwa ninyi mnaosikia Kiswahili na kujibu kwa Kiingereza, ni mchezo wa kuigiza ambao wakubwa wanaanguka wasiinuke tena. Zangu ziliandikwa Ufaransa, enzi za wafalme wenye nywele za bandia, kwa ajili ya watazamaji wasiokuwa na kazi ya kuamkia. Humo kuna malkia anayempenda asiyepaswa kupendwa, mfalme anayeambiwa habari wakati hazimsaidii tena, na watumishi waliojua kila kitu tangu mwanzo. Kaka yangu Mwadime, fundi wa reli kule Voi, ndiye aliyeninunulia kamusi yangu ya kwanza ya Kifaransa, akidhani nasomea kuwa mhudumu wa ndege. Alinisamehe, lakini kila Mwaka Mpya alinipigia simu kuniuliza swali lilelile: "Yule malkia wako, mwaka huu pia amekufa?" Nami nilimjibu kwamba amekufa, na wanafunzi hawakusoma.

Nitawaeleza namna ya kuifanya kazi hiyo, ingawa najua hakuna hata mmoja wenu atakayeifanya, na yeyote akijaribu, mzazi wake atanipigia simu. Nitawaeleza pia kosa langu kubwa kuliko yote, ambalo sikulifanya darasani. Nililifanya sebuleni kwa Mama Brian, mbele ya nusu ya kanisa, na aliyeumia ni yeye. Nyote mnamjua, ndiye anayewakaripia mkimwaga soda kwenye zulia la kanisa. Nilimwomba ruhusa kabla ya kuandika. Alisema, "Andika tu, Mwalimu, lakini usiniweke nikilia sana." Nitajitahidi.

Kazi hii nilifunzwa na Ingrid, mkuu wa idara yetu, mama wa Kiminnesota wa ukoo wa Waswidi, mrefu, mkimya, mwenye sweta mbili za kumtosha mwaka mzima. Siku yangu ya kwanza aliketi nyuma ya darasa. Mimi nilikuwa nimekuja na daftari langu la Nairobi, nukuu zote zimenyooka, nikazisoma kwa dakika sabini na tano bila kuinua kichwa. Nilipokiinua, wanafunzi watatu walikuwa wamelala na mmoja alikuwa amehama. Ingrid akanisubiri mlangoni, akasema, "Hiyo ilikuwa tofauti." Ninyi mliozaliwa hapa mnajua kwamba hakuna hukumu kali kuliko hiyo katika jimbo hili. Mimi mgeni nilidhani nimesifiwa, nikafanya vilevile kwa wiki tatu zaidi.

Alipoona sielewi lugha ya mafumbo, alinipeleka mjini katika baridi ya mwezi wa kwanza, akanipandisha zile njia za vioo zinazopita juu ya barabara kutoka jengo hadi jengo, walizojenga watu wa Saint Paul ili wasahau kwamba walichagua wenyewe kuishi ndani ya friji. Akanipa kitabu, akaniambia nisome huku natembea. Mshororo wa tanzia za Kifaransa una mizani kumi na mbili, umekatwa katikati, sita kwa sita. Hatua sita, kituo, hatua sita, kituo. Mimi niliyelelewa na mashairi ya nane kwa nane sikuhitaji kuelezwa mara mbili, na ilikuwa mara ya kwanza tangu nifike Marekani kwamba kitu cha shule ya msingi ya Voi kilinisaidia. Watu wa ofisini walitupisha kwa adabu, wakidhani mmoja wetu ni mgonjwa na mwingine ni mlezi wake. Nina hakika walijua ni nani mgonjwa.

Tangu hapo sikumruhusu mwanafunzi wangu yeyote asome tanzia akiwa ameketi. Andikeni hiyo, japo haiko kwenye mtihani wa uuguzi. Mtu aliyeketi husoma kwa macho, na malkia hafi kwa macho. Ushauri mwingine nitakaowapa bure ni huu: ukitaka kujua ni nani hatari katika mchezo, usimwangalie mfalme. Mwangalie msiri, yule rafiki anayekaa pembeni akiuliza, "Kwani una nini, bibi yangu?" Hana mume, hana mgonjwa, hana shamba. Kazi yake ni kusikiliza tu, halafu kushauri vibaya. Kila kanisa linaye, na letu linao wanne.

Kanuni zenyewe mnaweza kuzijua kabla chai haijapoa. Mambo yote yatokee siku moja, mahali pamoja, na liwe jambo moja. Hakuna kupiga kelele za sokoni. Hakuna damu mbele ya watu. Wanafunzi wangu Wazungu walilalamika kwamba hiyo si hali ya kawaida ya binadamu, nami nikawauliza chakula cha Krismasi kwao huwaje. Watu kumi na wawili ndani ya nyumba moja, siku moja, wana jambo moja ambalo kila mtu analijua na hakuna anayelitaja, na bibi anaulizwa kama yuko sawa, anajibu kwamba yuko sawa, huku amekishika kisu cha siagi hivi. Minnesota yote ni tanzia ya Kifaransa, ila wao wana keki ya viazi.

Sasa nisikilizeni kwenye hii ya damu, maana ndiyo tutakayoirudia. Katika michezo hiyo mtu hafii jukwaani isipokuwa kwa nadra sana, na hata hapo hufa kwa heshima, kwa sumu, akiwa ameketi. Wengi hufia nje. Kisha anakuja mjumbe, anasimama mbele ya baba au mke, anasimulia. Usimulizi huo unaweza kuwa mishororo sabini, una bahari, una farasi, una mawingu. Ndiyo sehemu tamu kuliko zote, na kila mwigizaji chipukizi huirukia kwa pupa.

Katika nakala yake ya zamani, Ingrid alikuwa amepiga mstari wa penseli chini ya mshororo wa kwanza tu wa mjumbe. Nikamuuliza kwa nini huo, na si ule wa farasi. Akasema, "Jina kwanza, mashairi baadaye." Mjumbe anayeijua kazi yake humtaja aliyekufa mara tu anapoingia. Kisha mfiwa anauliza ilikuwaje, na hapo ndipo mjumbe anapata ruhusa ya farasi wake. Asiyejua ni nani aliyekufa hasikilizi hadithi, aliniambia Ingrid. Anahesabu watu wake. Nikaipenda sana kauli hiyo, nikaifanya yangu, nikawafundisha watu kwayo kwa zaidi ya miaka ishirini nikiwa nimekunja mikono kifuani.

Mmoja wa hao niliowafundisha aliitwa Wambui. Alikuwa akifanya kazi katika nyumba ya wazee kule Anoka, anasomea uuguzi, ana mtoto mchanga aitwaye Brian, na chuo kilimlazimisha kuchukua somo moja la fasihi ili awe binadamu kamili. Alichagua langu kwa sababu liliangukia Jumanne saa nne, na kwa sababu jina la mwalimu lilikuwa la Kikenya, akatumaini huruma. Hakuipata. Aliketi mstari wa mbele, akasinzia macho wazi, ustadi ambao sijauona tena kwa mtu mwingine.

Siku ya mjumbe nilimsimamisha. Wenzake wawili walikuwa wametangulia, wameukimbia mshororo wa kwanza kama watu wanaovuka barabara, ili wawahi kufika kwenye farasi. Wambui aliusoma ule wa kwanza, akanyamaza. Akamtazama kijana aliyekuwa mfalme, aliyekuwa akichezea simu yake, akamngoja. Darasa zima likangoja. Yule kijana akainua kichwa, na nakuambieni uso wake ulibadilika, ingawa hakuelewa Kifaransa kiasi hicho. Ndipo Wambui akaendelea.

Nikamuuliza amejifunza wapi. "Kazini, Mwalimu," akasema. "Ukipigia family simu, unasema jina first, unasema amekufa. Ukianza na 'tulikuwa tumempea breakfast,' wanakufia kwa line." Nilimpa A yenye kasoro kidogo, maana sikutaka azoee.

Baada ya hapo mambo ya kufundisha yalibadilika mara nyingi, na kila mara nikaambiwa kwamba sasa ndiyo tumepata dawa. Nilianza na chaki. Ikaja mashine ya kuangaza picha ukutani, nikaonyesha picha za wafalme, wanafunzi wakaandika nguo walizovaa. Yakaja masomo ya video, kila mtu chumbani kwake, na nikamshuhudia malkia mmoja akifa huku paka anapita juu ya kiti cha enzi. Mwisho ikaja kompyuta inayoandika insha. Muhula wangu wa mwisho nilipokea insha moja safi sana, haina kosa hata la nukta, inayoeleza jinsi malkia alivyojichoma kisu katikati ya jukwaa, damu ikatapakaa. Nikamwita mwenyewe. Simtaji, mama yake yuko kwaya.

Nikamuuliza, "Malkia alifia wapi?"

"On stage, Mwalimu?"

"Na nani alimwona?"

Akafikiri. "Everybody?"

Nikamwambia kwamba katika miaka mia tatu na zaidi hakuna aliyemwona isipokuwa yeye na mashine yake, na kwamba nampa pole kwa kushuhudia. Alirudia somo. Siku hizi ni muuguzi, bila shaka.

Basi huyo ndiye mimi, bingwa wa wajumbe. Sasa tuingie sebuleni.

Mnajua kwetu mtu hapewi habari ya kifo kwa simu. Ndugu wa nyumbani humpigia Mzee Oduor, mwenyekiti wa kikundi chetu cha kusaidiana, naye huanzisha shughuli ambayo jeshi lolote lingeionea wivu. Kwanza hufunguliwa kikundi kipya cha simu kisichokuwa na mfiwa, nacho hupewa jina lisilo na hatia, kama vile "Chai." Mmoja anapiga simu kazini kwa mfiwa ili apatikane wa ku-cover shift yake. Mwingine anachunguza kama mfiwa yuko njiani, maana mtu hapewi habari akiwa ana-drive. Akina mama wanatengeneza chai na mandazi. Kisha kila mtu anakuja na gari lake, anaegesha mtaa wa pili, anabaki ndani akiwa amewasha heater, anangoja wenzake wafike, kwa kuwa hakuna anayetaka kuingia wa kwanza akaulizwa amefuata nini. Wakitimia, wanaingia kwa pamoja, watu kumi na wanne wenye makoti, wanasema walikuwa wakipita tu. Huko Brooklyn Park, mwezi wa kwanza, ambako tangu ulimwengu uumbwe hakuna aliyewahi kupita tu.

Ilikuwa Jumamosi mchana. Wambui wakati huo sote tulikuwa tunamwita Mama Brian, na mama yake mzazi alikuwa amefariki kule Nyahururu. Alikuwa ametoka asubuhi kwenda kuangalia ng'ombe, akateleza kwenye matope, akaanguka, hakuamka. Mzee Oduor akanipigia simu.

"Mwalimu, wewe ndio uta-break hiyo news," akasema. "Wewe ni mtu wa maneno."

Ningekataa. Nilipaswa kukataa. Lakini mtu wa maneno akiambiwa ni mtu wa maneno huvimba kichwa, na mimi nilikaa ndani ya gari langu mtaa wa pili, heater imewaka, nikitunga. Nilitaka mama yule azikwe kwa maneno mazuri. Nilitaka, nisiwadanganye, watu wasikie.

Mama Brian alifungua mlango akiwa amejifunga leso kichwani, mkononi ana mwiko. Akatuangalia, akatuhesabu. Yeye mwenyewe alikuwa amekwenda katika misafara kama hiyo mara nyingi, amebeba mandazi yaleyale. Alijua papo hapo kwamba kuna mtu amekufa. Alichokuwa hajui ni nani, na hakuna aliyemwambia, maana kwanza tulivua viatu, kisha tukatafutiwa viti, kisha Pasta akaomba. Pasta wetu hajawahi kuomba kwa ufupi hata kwa ajili ya chakula. Kisha Mzee Oduor akasema, "Mwalimu atatueleza."

Nikasimama. Nikasema kwamba leo kulipambazuka kama siku nyingine zote. Nikasema kwamba kuna mtu aliyeamka, akanywa chai yake, akavaa koti lake kwa sababu ya baridi, akatoka, naye hakujua. Nikasema kwamba njia ilikuwa na utelezi.

Sasa niwaambieni jambo ambalo hakuna hata mmoja wetu aliyelichunguza, sisi majenerali wa mandazi. Brian, yule mtoto mchanga wa Jumanne saa nne, alikuwa na miaka ishirini na mitatu, na asubuhi ile alikuwa ametoka Duluth peke yake kwa gari kuja kwa mama yake. Theluji ilikuwa ikianguka tangu alfajiri. Mwiko ule ulikuwa wa chakula chake.

Mama Brian akasema, "Ni Brian?"

Nami niliinua mkono. Nimeirudia picha hii mara nyingi, na kila mara mkono unainuka. Niliuinua kwa upole, kama ninavyofanya darasani mtu akinikatiza, nikamwomba avumilie kidogo, nilikuwa karibu kufika.

Akaanguka chini. Hakuketi, alianguka, akaanza kuita jina la mwanawe. Wanawake walimrukia, kila mtu akasema jambo lake, na hakuna aliyesema lile moja lililohitajika. Mwishowe Mzee Oduor, ambaye hajasoma tanzia yoyote, akapaza sauti: "Si Brian, mama. Brian yuko sawa. Ni mama yako."

Na Mama Brian, akiwa palepale sakafuni, akafumba macho akasema, "Asante Yesu."

Kisha tukaona uso wake ukiyasikia maneno yake mwenyewe.

Mganga hajigangi, wasemavyo, lakini angalau mganga hamwui mgonjwa wa jirani. Nilikwenda kumweleza Ingrid, ambaye alikuwa amestaafu na anapanda maua asiyoyapenda. Nilitaka anifariji. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Basi." Akanimiminia kahawa, akaongeza, "Na ule mstari wa penseli uliuona." Nikanywa kahawa yake nikaenda zangu.

Mama Brian alikwenda Nyahururu, akazika, akarudi. Tulipokutana kanisani alinisalimia vizuri kabisa. "Niko sawa, Mwalimu," akasema, na nikajua kwamba miaka yote hii katika jimbo hili haikupita bure. Nilimpelekea chakula, akaosha vyombo akanirudishia kwa mkono wa mtu mwingine. Nikampelekea tena, akaosha tena. Hali hiyo ilidumu zaidi ya mwaka, na sijawahi kuwa na sufuria safi hivyo.

Kisha siku moja tulikutana uso kwa uso kule Roseville, kwenye maegesho ya lile duka kubwa, kila mmoja anatafuta gari lake kama ilivyo kawaida ya mahali pale. Nikaona hii ndiyo nafasi. Nikaanza kumwomba msamaha. Nilianza na jinsi nilivyoipokea simu ya Mzee Oduor siku ile, na jinsi nilivyokaa garini, na nia niliyokuwa nayo.

"Unaona sasa," akasema. "Unaanza tena."

Nikasema, "Nisamehe, Wambui."

Akaweka mifuko yake chini kwenye theluji. "Mwalimu, mimi sina shida na wewe. Shida yangu ni ile word. Nilisimama kwa kaburi ya mum, kila mtu analia, na mimi nashindwa. Kwa sababu kitu ya kwanza nilisema akikufa ni asante. Sasa nitamlilia na mdomo gani?"

Mtu wa maneno, miaka ishirini na tisa, mizani kumi na mbili, sikuwa na hata moja. Nilimsaidia kubeba mifuko mpaka kwenye gari lake, akaniambia niende polepole, barabara ina barafu. Nililia njia nzima mpaka nyumbani, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu sikujali kama nalia kwa ufasaha.

Ninyi mnaosomea uuguzi, yaani ninyi nyote, siku moja mtaishika simu hiyo au mtatumwa kwenye mlango huo. Hapo hamtaulizwa mlipata alama gani. Ulizeni kwanza watoto wa mfiwa wako wapi. Simameni mahali anapoweza kuwaona. Msivue viatu. Mwacheni Pasta aombe baadaye, Mungu hana haraka. Semeni jina, semeni amekufa, msiseme ameondoka, wala ametutangulia, wala amepumzika, maana mtu mwenye hofu atauliza amekwenda wapi. Halafu nyamazeni mpaka mwulizwe.

Nilistaafu. Walinifanyia sherehe yenye keki na hotuba, dean akalikosea jina langu kwa ukarimu mkubwa. Nikakaa nyumbani nikijifunza kutofanya kitu. Ni kazi ngumu, na haina mwalimu.

Mwezi wa pili mwaka huu, Jumamosi, saa tano asubuhi, nilikwenda dirishani kuangalia kama barua zimekuja, nikaona gari limeegeshwa mbele ya nyumba ya jirani, injini inawaka, moshi unatoka nyuma, na mtu ndani hashuki. Likaja la pili. La tatu lilikuwa la Mzee Oduor, ninalifahamu kwa bampa yake. Aliniona dirishani, akageuza uso haraka akaanza kuisoma dashibodi. Hawakuwa hata na akili ya kuegesha mtaa wa pili.

Nikahesabu magari manne. Kisha nikaanza kuhesabu watu wangu.

Binti yangu wa kule Roseville, anayeendesha gari huku anaongea na simu. Wanawe wawili, waliokuwa na mashindano ya kuogelea asubuhi ile. Mwanangu wa Dallas, mwenye presha ambayo anadhani sijui. Dada yangu Mombasa. Kaka yangu Voi. Nilikuwa na simu mkononi. Ningempigia binti yangu nikajua mara moja, lakini niliwaza kwamba ikiita asiichukue itakuwaje, na kidole changu kikakataa. Nilisimama pale na simu yangu kama mtu aliyeshika kitu cha moto asichoweza kukiacha. Hapo ndipo nilipomjua Mama Brian na mwiko wake. Nilikuwa nimefundisha hofu ile nusu ya maisha yangu, na sikuwahi kuikuta ikiwa na uzito huo.

Wale wa magarini waliendelea kungojeana. Nadhani flaski ya chai ilikuwa bado njiani.

Ndipo mlango wa gari la pili ukafunguka, akatoka Mama Brian, peke yake. Mzee Oduor akateremsha kioo, nikamwona akimwashiria arudi, wengine hawajafika. Hakugeuka. Hakufuata hata njia niliyoisafisha, alikata katikati ya theluji, inamfika magotini, akapanda ngazi, akafungua mlango bila kubisha. Akaingia na viatu vyake, theluji ikaanguka kwenye zulia langu. Akanitazama, akangoja mpaka nami nikamtazama.

"Mwalimu," akasema. "Ni Mwadime. Kaka yako. Amekufa leo. Watoto wako wote wako sawa na grandchildren, nimewapigia mimi mwenyewe, mmoja mmoja."

Mwadime. Kamusi yangu, na simu zangu zote za Mwaka Mpya. Nilimpenda kuliko nilivyowahi kumwambia. Na bado, kabla sijamlilia, kabla jina lake halijamaliza kuingia, neno jingine lilikuwa limeshanipanda hadi mdomoni, nami nililijua ni lipi, nikaliuma kwa meno.

Mama Brian aliliona. Akanishika mikono yote miwili.

"Sema tu, Mwalimu," akasema. "Hata mimi nililisema."

Nikalisema. Ndipo akavua viatu, akaketi karibu nami, akanisimulia ilivyokuwa, kuanzia asubuhi.